Kompyuta Nzima, Eti Imezeeka

Yakhe, hebu nambieni. Kompyuta inawaka, kibodi haijang'oka hata herufi moja, hesabu za duka zinaingia, risiti zinatoka. Unaifungua asubuhi, hamri bado mkononi, kioo kizima kinakwambia Windows 10 yako imefika mwisho, hamia 11. Haya, unakubali. Inajikagua yenyewe, kisha inakujibu: kompyuta hii haifai. Aliyekualika harusini ndiye huyo huyo anayekufungia mlango!

Na ilani si ya uongo, ndilo linaloudhi zaidi. Marekebisho ya usalama ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa hilo. Inakwenda vile vile, ila matundu mapya hayazibwi tena. Kama ni ya kuchezea karata, wacha icheze. Kama ndiyo unayofungulia benki na kulipia ushuru, umelala Mombasa bila chandarua.

Sasa kigezo chenyewe. Kwa Intel, Microsoft wenye Windows 11 wanataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache mno za kizazi cha 7. Na laptopu nyingi za mitumba zinazoteremka hapa bandarini muuzaji anazisifu kwa neno moja: "Ni Core i5 hii!" Sawa bwana, i5 ni ukoo, si umri. Umri uko baada ya kistari. i5-7200U ni kizazi cha 7, imeachwa nje. i5-8250U ni cha 8, karibu ndani. i5-10210U ni cha 10, usije ukaisoma 1 ukalia bure. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, utaiona prosesa, na chini yake BIOS Mode, yaani namna kompyuta inavyoanza kuwaka: UEFI ya kisasa ama Legacy ya zamani. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, pesa zingali mfukoni.

Prosesa ikipita, bado kuna TPM 2.0, chipu ya kutunza funguo za siri. Andika tpm.msc uione. Ikisema haipo, usikimbilie kununua: mara nyingi ipo, imezimwa tu kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, na huko haijiiti TPM. Kwa Intel inaitwa PTT, kwa AMD fTPM. Mtu na majina matatu kama anadaiwa mtaa mzima!

Hapo kwenye BIOS ndipo watu wanapoumia. Windows 11 inataka UEFI. Unaona Legacy, unageuza UEFI papo hapo, unawasha: kioo cheusi. Diski bado imepangwa kwa MBR, mpango wa zamani, UEFI haijui ianzie wapi. Anza ukiwa ndani ya Windows, kwenye dirisha la amri la msimamizi: mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia na /convert badala ya /validate, diski ipangwe kwa GPT, mpango wa UEFI, kisha ndipo uende BIOS. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, lisimamishe kwanza na uandike ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Karatasi, nasema. Ukiuhifadhi ndani ya kompyuta ile ile, umefungia ufunguo ndani ya sanduku.

Faili lenyewe la kusakinishia Windows 11 linapita GB 5, kwa hivyo bando la siku lisikudanganye. Chukua flashi ya GB 8 uende saiba. Usilikopi tu kwenye flashi ya FAT32: mpango huo haubebi faili moja linalozidi GB 4. Tumia Rufus, programu ya bure ya kutengeneza flashi ya kusakinishia. Kazi zako zihifadhi nje kwanza. Kisha chaji betri ijae, kwa sababu stima ya huku inajua sana asilimia 61. Kama diski ni ile ya kuzunguka, muuza kahawa atapita na dele lake, agonge vikombe, arudi, na wewe bado uko kwenye "usizime kompyuta". Afadhali uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kabla ya hayo yote. Na ukishahamia, usifute folda ya Windows.old, iliyobeba Windows yako ya zamani, kwa uchu wa nafasi. Ndiyo njia yako ya kurudi, na unayo kwa siku 10 tu.

Ukikataliwa kabisa? Windows 10 ya toleo 22H2 unaweza kuiandikisha ipate marekebisho hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, ama bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Kuna na njia ya uchochoroni: Rufus ile ile inaruka ukaguzi. Windows 11 inaingia kweli, lakini matoleo makubwa yajayo hayaji yenyewe, na huna wa kumlalamikia. Kwa kompyuta ya duka mimi sipendi.

Ama jaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hivyo angalia waifai, sauti, na hasa ile printa yako ya zamani. Ikigoma, zima, chomoa flashi. Windows yako utaikuta palepale, na ilani yake.