Wadalit kwenye hadithi za Odia, mbona wanalia tu?

Kuna kitu kinanikera kwenye hadithi za Kiodia, lugha ya jimbo la Odisha kule mashariki mwa India, ambazo mi nazisoma kwa tafsiri. Mdalit, yaani mtu wa matabaka ya chini kabisa yaliyoitwa ya wasioguswa, akitokea tu jua ana njaa, au anaumwa, au anatimuliwa, na mwandishi wa tabaka la juu anamlilia kurasa nzima. Hatanii mtu, hagombani na mkewe, hadai hela yake, yupo yupo tu ateseke ili sisi wasomaji tujione watu wema.

Sisemi walikuwa na nia mbaya. Hadithi fupi ya kisasa ya Kiodia wengi wanaihesabu tangu 1898, Rebati ya Fakir Mohan Senapati, binti anataka kusoma, kipindupindu kinafagia nyumba nzima na bibi anamtupia lawama yeye na kusoma kwake. Kali sana, ila nyumba yenyewe ni ya mtumishi wa zamindari (mwenye ardhi mkubwa), mtu mwenye heshima zake kijijini. Wapana, Wadoma na Wahadi, hao matabaka ya Kidalit, wako huko pembeni.

Mwandishi Gopinath Mohanty ndo aliingia mpaka ndani ya vibanda vyao, kwenye Harijan ya 1948 (ni riwaya, najua). Jema anazoa vinyesi vya watu na hataki kabisa binti yake Puni aguse kazi ile, na mwisho Puni anaishika. Huyo mama namkumbuka kwa ubishi wake kuliko kwa shida zake, kwa sababu alikuwa na mpango wa maisha.

Sasa cha ajabu ni kwamba mshairi Balaram Das, karne kibao nyuma, alithubutu zaidi. Kwenye utenzi wake Lakshmi Purana mungu wa kike Lakshmi anaingia kwa Sriya, mwanamke Mchandala (tabaka la wasioguswa), na mumewe Lakshmi, mungu Jagannath, na shemeji yake Balabhadra wanamfukuza Lakshmi eti kanajisika, halafu wao wanashinda njaa miaka 12 wakiombaomba mpaka wanakuja kula chakula cha huyo huyo waliyemfukuza! Na hawarudiani hivi hivi, Lakshmi anaweka sharti, Mchandala na Mbrahmini (tabaka la makuhani, la juu kabisa) wale pamoja chakula cha hekalu, hata kunyang'anyana mkononi. Wanawake wa Odisha wanaisoma hadi leo Alhamisi za mwezi wa Margasira wa kalenda ya Kihindu. Ila hata hapo Sriya anapendwa kwa usafi na ibada, yaani mpaka awashinde wote kwa usafi ndo mungu aingie kwake, mbona Mbrahmini mchafu haulizwi?

Ndo maana nilifurahi Akhila Naik, Mdalit mwenyewe, alipotoa Bheda 2010, riwaya ya wilaya ya Kalahandi huko Odisha ambayo Wadoma wanabishana, wanajipanga, wanawasumbua wakubwa. Mashairi ya Basudeb Sunani, naye Mdalit, nayo yana hasira, hayaombi msaada wa mtu.

Kwa sensa ya 2011 jamii za Kidalit ni kama asilimia 17 ya watu wa Odisha, kwa hiyo wambea, wachoyo na wapenzi vichaa wamo humo tele. Mnitafutie hadithi fupi moja ya mtu wa hivyo, afanye ujinga wake wote na asife mwishoni.