Tumesahau kuigiza kwa raha zetu

Nimetuma kwenye kundi la ukoo video ya majirani zangu hapa Gloucestershire, Uingereza, wakiigiza barabarani tarehe 26 Desemba. Swali la kwanza: "Wamelipwa na nani?" La pili: "Ujumbe wake nini?"

Hawakulipwa na mtu. Fundi bomba, nesi na mwalimu mstaafu wametunga igizo lao la vina baada ya kazi, wakashona na mavazi. Waingereza huyaita maigizo haya mamazi (kwa kwao, "mummers' plays"): mashujaa wawili wanatambiana, mmoja anauawa, anakuja daktari mwenye majigambo na chupa ya dawa, maiti anainuka. La kijiji cha Marshfield, humu humu mkoani, lilikuwa limekufa likafufuliwa miaka ya 1930, na wachezaji wake huvaa vipande vya karatasi mwili mzima. Majirani zangu hawakuliiga. Shujaa wao anapigana na mashimo ya barabarani, na daktari anamwambia maiti apange foleni. Watu wamecheka mpaka machozi.

Jamani, na sisi tuliotunga ngonjera tangu shule ya msingi! Siku hizi kikundi hakijafanya hata zoezi, kinatafuta andiko la mradi na posho. Kichekesho kinaanza kunoga, mara mtu anageuka kutuhutubia juu ya vyoo bora. Vipaji vile! Inaniuma.

Najua mtasema, "Kaenda Ulaya juzi, leo anatufundisha." Mtaongeza kwamba tumbo tupu halichezi. Njaa naijua, tena ya nyumba ile ile mnayoijua ninyi. Anayeishi kwa sanaa alipwe, na alipwe vizuri. Nawasema sisi wengine: makarani, mama lishe, makonda.

Wala msiniambie hatuna asili hiyo. Mtani msibani anaiga mwendo wa marehemu, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, wafiwa wanacheka huku wanalia. Nani amewahi kumfadhili? Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara. Nilipomsimulia jirani anayecheza daktari, aliniomba nirudie, na kwa kweli nilijisikia mtu mwenye kwao.

Basi Desemba nikija Morogoro tutunge letu, la mtaa wetu, na maji yasiyotoka yawemo. Shangazi ashike vina. Mjomba, wewe ndiye mganga, maana maneno hujawahi kuyakosa.