CD Inaingilia Wapi?

Jamani, Sony watangaze mashine mpya huko kwao, halafu nisemwe mimi hapa Mwanjelwa, Mbeya? Nina kosa gani? Banda langu la gemu lina PS4 mbili, PS2 moja, TV tatu ambazo moja ni chogo, benchi, na bango ukutani: MECHI MOJA 500, KUTEMA MATE NJE. Hiyo ndiyo huduma. Hakuna mahali bango limeahidi teknolojia.

Lakini tangu Jumanne ile ya tarehe 10 Septemba 2024, saa 12 jioni, bwana Mark Cerny, msanifu wa mashine za Sony, alipotokea mbele ya kamera na ile sauti yake ya upole akaielezea mashine mpya ya gemu, PS5 Pro, wateja wamegeuka. Mtu amecheza hapa mwaka mzima hajawahi kulalamika. Jumatano anakaa, anaangalia kioo, anakunja uso: "Mbona picha ina vumbi?" Vumbi ni la Septemba, limetoka barabarani, limekaa juu ya kioo. Ukilifuta kwa mkono wa sweta picha inarudi. Likafutwa. Haya, hiyo ndiyo Pro. Hata hakucheka.

Mwingine anataka fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 kila sekunde. Ndala moja ya bluu, nyingine ya kijani, anataka fremu 60. Huyo tumwache.

Sasa aje kijana wa chuo. Heshima zote kwa wasomi, nchi inawategemea, lakini huyu alikuja na simu iliyopasuka kuanzia kamera mpaka chini, akasimama katikati ya banda, mgongo kwenye TV ya watu wanaocheza, akafungua semina. Vitengo vya kukokotoa picha vimeongezeka asilimia 67. Kasi ya kumbukumbu imepanda asilimia 28. Kuchora picha ni haraka zaidi kwa mpaka asilimia 45. Kuna kitu kinaitwa PSSR, akili bandia inayochukua picha ya kiwango kidogo na kuikuza ionekane kali. Hifadhi ni terabaiti 2. Benchi lote likaitikia "eee", hakuna aliyeuliza terabaiti ni nini, kwa sababu mtu akishakaa kwenye benchi langu ana heshima yake.

Akaonyesha picha mbili sambamba, upande huu PS5 ya kawaida, upande ule Pro. Watu wakaingiza vichwa kwenye simu kutafuta tofauti. Mmoja akapiga kelele ameiona. Alichokiona ni ufa wa kioo.

Hapo ndipo dereva bajaji akajipenyeza. Ni mtu mzima, amevaa makoti mawili, bajaji ameiacha nje inangurumia abiria wa kwenda kituo cha Mama John, na ndani ya koti la chini amebeba CD ya gemu ya mpira, FC 24, imefungwa kwenye kitambaa cha miwani. Ile CD siyo yake. Imetoka Uyole, ikapita kwa mwenye banda wa Ilomba, ikaenda Tukuyu, ikarudi na mchubuko, na bado inasoma. Alisikiliza semina yote kwa adabu, kisha akauliza:

"Mdogo wangu, hayo yote nimeyapokea. CD inaingilia wapi?"

"Haiingii, kaka."

"Haiingii upande gani?"

"Upande wowote. Haina tundu."

Dereva akaomba simu. Akaiangalia ile picha, akaigeuza simu akaangalia mgongoni. "Labda wameipiga picha upande mmoja tu."

"Kaka, kisoma CD kinauzwa kando. Dola 79.99."

Banda likanyamaza. Hata aliyekuwa anapiga penalti alisimamisha gemu.

"Yaani unanunua nyumba, mlango unaufuata dukani?"

"Na stendi ya kuisimamisha wima ni dola 29.99."

"Isiposimamishwa?"

"Inalala."

"Basi ilale. Imetoka safari ya mbali."

Kijana akaona anadhalilishwa, akatoa kalamu. Kwa bei za mwaka huo wa 2024, mashine dola 699.99. Kisoma CD 79.99. Stendi 29.99. Jumla dola 809.97. Kwa shilingi 2,700 kwa dola za wakati huo ilikuwa milioni mbili, laki moja na elfu themanini na sita na mia tisa kumi na tisa, kabla ya kuisafirisha na kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Na ndani ya boksi padi ni moja. Banda la padi moja ni banda la mtu anayecheza na mawazo yake. Msifikiri mtachomeka padi za PS4: PS5 inazikubali kwa gemu za PS4 tu, ukifungua gemu ya PS5 inakukatalia mbele ya wateja.

Sasa wenye akili wagawe. Milioni 2.187 kwa mechi ya mia tano ni mechi 4,374. Ukiweka dakika sita kila kipindi, ongeza marudio ya magoli ambayo mfungaji hataki kuyaruka, ongeza kupanga kikosi, mechi inakula robo saa. Saa moja mechi nne. Saa kumi bila kupumua ni mechi 40. Siku 109 benchi limejaa, bila kodi ya chumba, bila padi kuharibika, bila yule anayesema "andika kwenye daftari" na daftari lenyewe limeishia kufungia maandazi.

"Siku hizi watu wanapakua," kijana akasema, akiwa bado amesimama mbele ya TV.

Wanapakua wapi? Gemu nzito za sasa zinafika GB 100. Kasi ya intaneti unauziwa kwa megabiti, gemu inapimwa kwa megabaiti, na katikati yake kuna nane ambayo hakuna anayekutajia: megabaiti moja ni megabiti nane. Ukiwa na kasi ya megabiti 5 kwa sekunde bila kuyumba, GB 100 ni saa 44. Siku mbili kasoro kidogo mashine inawaka, haichezeki vizuri, inajaza mstari wa bluu. Na hiyo ni bila kuyumba. Nani hapa ana intaneti isiyoyumba? Anyooshe mkono tumpe uenyekiti wa mtaa.

Halafu hata hicho kisoma CD cha kununua kando, siku ya kwanza ukikichomeka lazima mashine iingie mtandaoni ikisajili. Bila intaneti kinakaa pale, kinaangaliwa. Dereva aliposikia hilo alikunja kitambaa cha miwani taratibu akairudisha FC 24 kwenye koti la ndani. "CD yangu inaomba kibali," akasema. Mara ya pili akasema kwa sauti zaidi, maana abiria wawili wa Mama John walikuwa wameshaingia kuangalia kinachomchelewesha.

Kinachokera ni kwamba Sony wenyewe wanajua. Mwaka 2013 Microsoft, wapinzani wao, walipoitangaza mashine yao ya Xbox One, walitaka ijiripoti mtandaoni kila baada ya saa 24, na gemu iliyotumika iwe na masharti. Dunia ikachafuka. Sony wakatoa video fupi kabisa: mkuu wao mmoja, Shuhei Yoshida, anampa mwenzake gemu mkononi. Basi. Ndiyo maelekezo ya kuazimana gemu kwenye PS4, hatua moja. Watu wakashangilia, Microsoft wakarudi nyuma mwezi huohuo wa Juni. Miaka kumi na moja baadaye haohao waliotupa gemu mkononi wameziba tundu. Safari hii wanaokasirika Marekani na anayekasirika Mwanjelwa wanasema neno moja, tofauti ni kwamba kule wanalalamikia makabati yao ya CD, hapa tunalalamikia mfumo mzima wa benki. CD moja ya FC inazunguka mabanda matano. Anayekosa kodi ya chumba anaiweka rehani. Gemu ya kupakua imefungwa kwenye akaunti ya mtu na nywila yake. Utamwekea mwenzako rehani nywila?

Kijana alikuwa anajibu hilo, na nadhani alikuwa na hoja, umeme ukakatika.

Nieleweke kuhusu umeme. Watu wanapiga kelele kwamba mashine mpya zinakula umeme. Hazili kihivyo. PS5 ikicheza gemu nzito inavuta kama wati 200, yaani yuniti moja inakwenda saa tano. Mechi nne za mia tano zinalipa hiyo yuniti na chenji inabaki. Umeme wa kuliwa hauui banda. Unaoua ni wa kukatika. PS4 ikizimika ghafla wakati inaandika kwenye diski, ikiwaka inakuandikia kwa upole kwamba hukuizima ipasavyo, na safari ijayo uizime kwa kufuata utaratibu. Mimi! Nimeikata mimi kutoka kituo gani cha kupozea umeme?

Na ikigoma kabisa kufika kwenye menyu, dawa ni ileile: bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie, utasikia mlio wa kwanza, subiri kama sekunde saba mlio wa pili, achia. Inaingia hali salama. Inakutaka uchomeke padi kwa waya. Hapa ndipo vijana wengi wanakwama na kuanza kuita mafundi, kwa sababu waya walioushika ni wa kuchajia tu, hauna nyuzi za data ndani, padi inawaka taa ya chungwa na mashine haiioni. Tafuta waya uliowahi kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta. Ukishaingia chagua namba 5, kujenga upya hifadhidata. Haifuti gemu. Namba 7 inafuta kila kitu, na kuna mtu wa Soweto aliichagua kwa sababu saba ndiyo namba yake ya jezi.

PS4 hata diski ikifa ni ya laptopu, inchi 2.5, unafungua kifuniko, skrubu moja kubwa, unatoa unaweka. Ya PS5 imechomelewa kwenye bodi. Kuna tundu la kuongeza hifadhi, sawa, lakini ile ya asili ikiondoka imeondoka na bodi yake. Na pale kwenye prosesa hakuna ile dawa nyeupe ya fundi, kuna metali ya majimaji, inapitisha umeme. Fundi wa kuifungua akiwa anakula chipsi, tone likidondokea pembeni, umepoteza milioni mbili na chipsi. Vumbi la PS5 linatolewa bila kugusa skrubu: vuta kava la pembeni, kuna matundu mawili ya kukusanyia vumbi, weka kifyonza. Kwa vumbi la Mbeya la kuanzia Julai mpaka mvua ianze, kila mwezi. Hilo hakuna aliyelitangaza Jumanne.

Chogo je? Mwenye kuuliza kama Pro itakubali TV chogo, ndiyo, itakubali kwa kigeuzi cha HDMI kwenda zile soketi tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Utanunua akili bandia ya kukuza picha, kisha kigeuzi cha elfu kumi na kitu kiisage irudi kuwa mistari 576. Maandishi ya dakika na magoli hutayasoma. Utauliza jirani.

Basi giza limeingia, banda limejaa watu wasiolipa, mmoja akasema milioni mbili siyo pesa, ni viazi tu, mtu anauza gunia kadhaa pale Uyole anaenda kuichukua Novemba tarehe 7 inapotoka. Gunia ngapi? Kijana akashika kalamu tena. Dereva akamuuliza gunia lipi, la kilo mia au lumbesa? Ah, hapo semina ya Sony ikafa palepale. Mama mmoja abiria wa Mama John, ambaye mpaka sasa alikuwa amekaa kimya na ndoo yake, akasimama. Akasema lumbesa ilishakatazwa na bado inashonewa kilemba kule shamba, mnunuzi anasimama juu ya gunia kwa miguu yote miwili, analishindilia, halafu bei ni ileile ya gunia. Akaonyesha kwa mikono urefu wa kilemba. Benchi likasema ni mrefu kuliko hapo. Mwingine akasema huko Njombe ni mbaya zaidi. Wakabishana Njombe na Uyole wapi mkulima analaliwa zaidi, wamesahau hata kuna Japani.

Mimi nina kesi nyingine mlangoni. Waliokuwa wanacheza umeme ulipokatika. Mmoja alikuwa anaongoza matatu kwa moja. Sheria ya banda iko ukutani: umeme ukikatika kabla ya dakika ya 60 mnarudia, baada ya dakika ya 60 matokeo yanabaki. Anayeongoza anasema ilikuwa dakika ya 61. Anayefungwa anasema 59, na kwamba hakuona vizuri kwa sababu mgongo wa chuo kikuu ulikuwa mbele ya kioo tangu mapumziko. Shahidi pekee ni dereva bajaji, na dereva anasema atatoa ushahidi akirudi kutoka Mama John, ila kwanza alipwe mia tano yake, maana na yeye amepoteza muda.