Vijana wa Arusha wanapanga padogo: mwenye mtaji ajenge nini?

Mstaafu mwenye kiinua mgongo na kiwanja Moshono anaulizwa na fundi: tusimamishe nyumba moja ya vyumba vinne, au nyumba ndogo sita za kupangisha? Enzi za ICTR, ile mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa hapa Arusha kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, jibu lilikuwa jepesi. Ulijenga kubwa Njiro, ukawapangisha wafanyakazi wake kwa dola. Mahakama ilifungwa mwishoni mwa 2015, wapangaji wale wakaondoka. Leo anayetafuta nyumba ni kizazi cha milenia, waliozaliwa kati ya 1981 na 1996.

Maombi yao kwa madalali wa Sakina na Kijenge yanafanana: chumba na sebule, choo ndani, jiko dogo, maji ya uhakika, geti, lami isiwe mbali, na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya peke yake. Hiyo LUKU ina uzito kuliko malumalu za bei, kwa kuwa ugomvi wa kuchangia umeme umehamisha wapangaji wengi. Hapo hoja ya nyumba ndogo ina nguvu. Mpangaji mmoja akihama, watano wanaendelea kulipa. Nyumba kubwa ikikaa tupu, mapato yote yamesimama. Na kanuni za Benki Kuu za 2025 zimezuia kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo mvuto wa kodi ya dola umepungua. Wanaokimbilia Olmoti kwa sababu ya uwanja wa AFCON 2027 nao wajiulize nani atakaa pale 2028. Mashindano ni ya wiki chache tu.

Upande wa pili una jambo ambalo wawekezaji wengi hawalitilii maanani: kijana huyu anapanga padogo ili ajenge. Akiba yake inakwenda Muriet, Kisongo au Ngaramtoni, tofali kwa tofali. Kama kwao ni Marangu au Rombo, nyumba ya heshima ataijenga kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, anakorudi kila Desemba. Sheria ya 2008 inamruhusu mtu kumiliki apatimenti moja ndani ya ghorofa kwa hati yake, lakini wengi bado wanataka ardhi. Ndiyo maana wapo wanaosema pesa iko kwenye viwanja: nunua shamba, likate, uza. Wana ukweli, ila shamba lisilopimwa, likikatwa kwa kamba na kuuzwa kwa karatasi za mkononi, linawafikisha wanunuzi kwenye Baraza la Ardhi. Simshauri mtu biashara hiyo bila upimaji na mchoro ulioidhinishwa. Anayeumia ni kijana aliyejinyima miaka.

Kwa hiyo mwenye nyumba ndogo ategemee wapangaji wa kupita, wanaokaa miaka michache na kwenda kwao. Ajenge vitu imara vya kurekebishika kirahisi, aache urembo.

Lakini pengo kubwa ninaloliona liko kwenye malipo. Tuseme kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Ya miezi sita, inayodaiwa kwa mkupuo, ni 1,200,000, dalali anachukua ya mwezi mmoja, jumla 1,400,000 kabla godoro halijaingia ndani. Muongoza watalii anaweza kuitoa Septemba, msimu ukiwa umechangamka. Aprili, masika imepunguza safari, hana. Na huyohuyo kwa mwaka mzima ana uwezo wa kulipa bila shida.

Mwenye nyumba naye ana sababu zake, na si za tamaa. Mkopo wa benki ni ghali, kwa hiyo kodi ya mkupuo ndiyo inayoezeka nyumba inayofuata. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi akikwama, kumtoa kuna mlolongo. Hata hivyo naamini atakayekubali kodi ya mwezi au ya miezi mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja, atapata watu wazuri ambao leo wanarudishwa getini. Ila asianze utaratibu huo akiwa bado anadaiwa saruji na nondo. Mwezi mmoja wa kucheleweshewa utamrudisha kwenye miezi sita.