Walifungiwa kwa ajili yetu, sasa wanaomba mkopo

Mwaka 2022, muswada wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Jamii ulipofika katika Bunge la Uganda ukiwa na pendekezo la kumtoza anayekataa chanjo ya Korona faini ya shilingi milioni 4 au kumfunga miezi sita, waliopinga waliitwa wabinafsi na waliounga mkono wakaitwa madikteta. Hakuna upande uliostahili jina hilo. Aliyeona familia zikihangaikia mitungi ya oksijeni mwezi Juni 2021 hahitaji kuhubiriwa kwamba pumzi ya mtu ni shauri la jirani yake. Lakini aliyesita kuchanjwa naye alikuwa na hoja, kwa kuwa hata katika bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya Buganda ya kufyeka njia na kusafisha visima, kijiji hudai jembe lako na asubuhi yako, hakidai mwili wako.

Katika ubishi wote huo alisahauliwa aliyetozwa zaidi kuliko sisi sote, naye hakuulizwa: mwanafunzi. Shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83 za kufungwa kikamilifu au kwa sehemu, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na walioguswa ni wanafunzi wapatao milioni 15.

Wiki 83 hizo zinanisumbua. Madarasa ya mitihani yaliitwa mapema, Oktoba 2020, huku wadogo zao wakibaki nyumbani. Juni 2021 milango ikafungwa tena. Walioambiwa wasome kwa redio hawakuwa na redio wote, na walioambiwa wasome kwa intaneti walikuta bando za data zimewekewa ushuru wa asilimia 12 kuanzia Julai 2021 (mwezi mbaya kuliko huo sijui ungepatikana wapi). Shule zilipofunguliwa, wengi walipandishwa darasa moja kwa moja, jambo lililonyoosha rejista lakini halikumfundisha mtu sehemu wala desimali. Haya yote waliyabeba ilhali ugonjwa wenyewe uliwaua zaidi wazee. Silalamiki kwamba walitakiwa kujitoa, maana jamii ndivyo inavyoishi. Nashangaa tu jinsi lugha ilivyobadilika walipofika mlangoni mwa chuo kikuu, ambako yule tuliyemwambia kwamba maisha yake ni ya wote anaambiwa kwamba shahada ni faida yake binafsi, basi ajitegemee.

Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ni jambo jema, nami sitaki kuidharau. Hata hivyo, mkopo wake hulipa ada, haulipi kitanda wala chakula, na kijana anayetoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, kuja Kampala hawezi kumlipa mwenye hosteli kwa barua ya bodi. Tena mikopo ya shahada imeelekezwa kwa sehemu kubwa kwenye kozi za sayansi. Nia ni njema, lakini hisabati ndiyo inayojengwa tofali juu ya tofali, kwa hiyo aliyekosa tofali za wiki 83 anafungiwa mlango uleule tunaodai kumfungulia.

Wanaotaka bodi iendelee kukaza mkono katika kudai marejesho wana hoja nzito moja. Fedha inayorejeshwa ndiyo inayomsomesha anayefuata, na mama muuza nyanya wa Owino, soko kubwa la Kampala, ambaye hakukanyaga chuo, hapaswi kugharamia daktari mtarajiwa asiyetaka kulipa. Hilo nalikubali lote. Ila kudai mkopo urejeshwe si sawa na kudai urejeshwe kwa kufuata kalenda. Ratiba ya sasa huanza mwaka mmoja baada ya masomo, kana kwamba ajira nayo hufuata ratiba. Marejesho yangefuata mshahara, anayepata akatoa na asiyepata akasubiri bila kuitwa mdaiwa sugu, mama wa Owino asingepoteza haki yake. Gharama za malazi na chakula nazo ziingizwe kwenye mkopo, hata ikibidi idadi ya wanufaika ikue polepole.

Muda wa kulirekebisha hili si mrefu. Walioingia kidato cha kwanza Februari 2020, wakakaa darasani wiki chache kabla ya shule kufungwa, walifanya UCE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, mwaka 2024. Wasiporudi nyuma, watabisha hodi vyuoni mwaka 2027.