Kiwanda Kikishataifishwa, Nani Anashika Vitabu?

Tarehe 1 Januari 1947, kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, vilitundikwa vibao vilivyotangaza kwamba mgodi sasa unaendeshwa na bodi ya taifa kwa niaba ya wananchi. Wachimbaji walikuwa wameipigania siku hiyo kwa miaka mingi. Waliporudi kazini, wengi wao waliwakuta mameneja walewale. Hata mwenyekiti wa bodi mpya, Lord Hyndley, alitoka kwenye uongozi wa Powell Duffryn, mojawapo ya kampuni kubwa za makaa zilizokuwa zimechukuliwa.

Kisheria, kutaifisha hakuna fumbo. Mali au hisa za wenye kampuni zinahamia serikalini kwa nguvu ya sheria, mara nyingi wenyewe wakilipwa fidia. Gawio lililokuwa likienda kwao sasa linaingia hazina. Hasara nayo inamfuata mlipa kodi, na hilo ni nadra kulisikia jukwaani.

Mimi naunga mkono maji, umeme na reli viwe mikononi mwa umma. Bomba linaloingia nyumbani kwa mtu ni moja tu. Bei ikimuumiza hana pa kukimbilia. Lakini naumia kuona watu wakishangilia siku ya kutangaza, kisha hakuna anayeuliza nani anaamua.

Zambia inafundisha vizuri. Mwaka 1969 Rais Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi ya shaba. Kwa hesabu ya hisa, nchi ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Lakini mikataba ya uendeshaji na ya kuuza shaba ilibaki kwa kampuni zilezile, Anglo American na Roan Selection Trust, nazo zikilipwa kwa kazi hiyo. Ilibidi mwaka 1973 Kaunda atangaze kuivunja. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mwenye hisa nyingi alikuwa mmoja, na aliyeshika usukani alikuwa mwingine.

Kuna pia suala la ujuzi. Rais Nasser wa Misri alipoutaifisha Mfereji wa Suez tarehe 26 Julai 1956, waongoza meli wengi wa kigeni waliacha kazi mwezi Septemba, na huko Ulaya wengi walitarajia mfereji ukwame. Haukukwama. Wamisri, pamoja na waongoza meli walioajiriwa kutoka nchi nyingine, waliendelea kuzipitisha meli. Mfereji ulikuja kufungwa baadaye kwa sababu ya vita. Naupenda mfano huu kwa kuwa pale umiliki ulikwenda sambamba na watu wa kuifanya kazi yenyewe.

Shirika la umma likijazwa makada na ndugu wa wakubwa, na hesabu zake zikafichwa, mwananchi hajapata kitu. Amebadilishiwa bwana tu, tena huyu mpya ana polisi na mahakama. Mwenye kampuni binafsi ungeweza kumshtaki serikalini. Serikali yenyewe ikiwa ndiyo mwajiri, muuzaji na msimamizi, utampelekea nani malalamiko?

Kwa hiyo muswada wowote wa kutaifisha ningeusoma kuanzia vifungu vya nyuma: kama hesabu zilizokaguliwa zitachapishwa kila mwaka, kama wafanyakazi wana viti kwenye bodi, na kama waziri anaweza kumfukuza mkurugenzi bila kutoa sababu bungeni.