Nani aende likizo Desemba?

Sheria ya kitaifa ya Marekani haimpi mfanyakazi wa kampuni binafsi hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ndugu zangu wa nyumbani hawaniamini nikiwaambia hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Sheria yao kuu ya kazi ya mwaka 1938, ile iliyoleta kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada, iko kimya kabisa kuhusu likizo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 mfululizo kila mwaka, sikukuu zikiwa zimehesabiwa humohumo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi, tena inataka angalau wiki mbili kati ya hizo zisikatwekatwe. Ukilinganisha sheria kwa sheria, sisi tumewaacha mbali.

Mimi nimefanya kazi pande zote mbili, Tanzania na Marekani, na kuna jambo nataka wafanyakazi wa nyumbani walitazame kwa uzito, hasa viongozi wa matawi ya vyama. Kupewa siku ni haki moja. Kujua siku hizo zitaangukia lini, na nani anaamua, ni haki nyingine, na hiyo ya pili kwetu imebaki mkononi mwa mwajiri. Sheria hiyohiyo ya Tanzania inasema mwajiri anaweza kupanga likizo ichukuliwe lini, mradi isipite miezi sita baada ya mzunguko wa likizo, yaani mwaka wa kuhesabia siku hizo, kwisha. Mfanyakazi akikubali na kazi ikidai hivyo, inaweza kusogea hadi miezi 12. Siku ni zako, tarehe ni ya bosi.

Kabla sijaondoka nilikuwa Dar es Salaam, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Kila Januari tulijaza ratiba ya likizo, ikasainiwa, ikawekwa kwenye faili. Desemba ikifika, ile ratiba ilikuwa haina kazi tena. Sisi watu wa Kilimanjaro tunajulikana: mwisho wa mwaka lazima kupanda kwenda nyumbani. Nyumbani kuna vikao vya ukoo, ubarikio, harusi, makaburi ya wazee ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na mama anayehesabu ni watoto wangapi wamefika. Mabasi ya Moshi na Rombo yanajaa mapema, nauli inapaa. Basi pale ofisini nusu ya watu wanataka wiki ileile, na kazi haiwezi kusimama. Nani aende, nani abaki? Meneja ndiye aliyeamua, kwa vigezo alivyovijua mwenyewe. Aliyekuwa karibu naye alienda. Aliyewahi kumbishia kwenye kikao alibaki. Kuna dada wa uhasibu alikuwa ameshakata tiketi yake na za watoto, akaambiwa siku moja kabla ya safari kwamba fomu haijasainiwa. Alilia chooni, akarudi mezani kufanya kazi. Hakuwa na pa kulalamika, kwa sababu hapakuwa na kanuni yoyote iliyovunjwa.

Sasa nasambaza barua na vifurushi katika Posta ya Marekani. Chama chetu cha wasambazaji barua, NALC, kilianzishwa Milwaukee mwaka 1889. Mkataba wa hali bora, yaani ule wa chama na mwajiri, tunaofanyia kazi umetokana na mgomo wa Machi 1970, ulioanzia New York na kusambaa hadi ukawahusisha wafanyakazi wapatao 200,000, ingawa sheria iliwakataza watumishi wa serikali kugoma na bado inawakataza. Rais Nixon alipeleka wanajeshi kushughulikia barua New York. Mwezi wa nane mwaka huohuo ikasainiwa sheria iliyoipanga upya posta na kuwapa wafanyakazi haki ya kujadiliana mishahara na masharti yao. Nayasimulia haya kwa sababu watu wakiona utaratibu mzuri hudhani ni wema wa Wazungu. Hapana. Kuna watu waliweka ajira zao rehani.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Idadi ya siku inatokana na miaka ya utumishi: chini ya miaka mitatu unapata siku 13 za kazi kwa mwaka, kuanzia mitatu hadi 15 unapata 20, ukivuka hapo unapata 26. Halafu mkataba wa kitaifa unataka kuwe na kipindi maalumu cha kuchagulia likizo, yaani ile miezi ambayo kila mtu anaililia, na mipaka yake hujadiliwa ofisi kwa ofisi kati ya menejimenti na tawi la chama. Ndani ya kipindi hicho, mwenye siku 13 anaweza kuchukua hadi 10 mfululizo. Mwenye 20 au 26 anaweza kuchukua hadi 15. Makubaliano ya ofisi ndiyo pia yanayosema wangapi wataachiwa kila wiki. Tuseme ofisi ina wasambazaji 50 na wamekubaliana asilimia 12: maana yake nafasi sita kila wiki, meneja awe amefurahi au amenuna.

Kisha inakuja orodha. Majina yamepangwa kwa ukongwe kazini, kuanzia aliyetangulia kuajiriwa katika ofisi ile hadi aliyefika juzi. Mkongwe anachagua wiki zake, anaandika jina, anafuata wa pili, anafuata wa tatu. Zamu yako ikifika unaiona karatasi nzima: nani amechukua Julai, wiki ipi imebaki na nafasi moja, wapi pamejaa. Ukiandika jina lako, wiki hiyo ni yako. Msimamizi hakuulizi unakwenda wapi wala kwa nini. Njia za kusambazia barua nazo hugombewa hivyohivyo ikitokea moja iko wazi, na madereva wa mabasi ya miji mingi, wahudumu wa ndege na watu wa reli wana taratibu za namna hii.

Nitasema na ubaya wake, maana nimeuonja. Mgeni anabakiwa na makombo: Februari yenye barafu hadi magotini, au wiki moja moja zilizotawanyika ambazo hazitoshi mtu kufika Kilimanjaro na kurudi. Sisi wahamiaji tunaumia zaidi, kwa sababu wengi tumeingia kazini tukiwa na umri mkubwa. Unaweza kuwa na miaka 45, una watoto wanne na mama mgonjwa nyumbani, na kijana wa miaka 27 asiye na mke anachagua kabla yako kwa sababu alianza kazi hapo mapema. Orodha haijui kwamba wewe safari yako ni ya bara jingine na yeye anakwenda kuvua samaki kwenye ziwa la jirani.

Kuna na hili ambalo nawasihi Waafrika wenzangu walijue kabla hawajafungasha. Kuna hesabu mbili tofauti za miaka yako. Moja inahesabu utumishi wako wote, na ndiyo inayokupa siku 13, 20 au 26. Hiyo unahama nayo popote. Nyingine inahesabu ukongwe wako katika ofisi uliyopo, na hiyo ndiyo inayokupa nafasi kwenye orodha. Ukiomba uhamisho kwa hiari yako kwenda mji mwingine, unaanzia chini. Hata mkibadilishana vituo na mwenzako, nyote wawili mnachukua tarehe ya yule aliye mdogo kazini. Watu wetu wanapenda kufuatana: kaka yuko Texas, kanisa zuri liko Texas, nyumba huko ni nafuu, basi twende. Ukihama unaziacha Julai zako zote nyuma.

Desemba kwangu ndiyo imekuwa ngumu zaidi. Ni msimu wa vifurushi. Hata baadhi ya mipaka ya saa za ziada inayotulinda mwaka mzima, mkataba unailegeza mwezi huo. Ofisini kwetu nafasi za Desemba ni chache, na wakongwe wanazimaliza. Miaka kadhaa sasa napanda Rombo katikati ya mwaka, migomba ipo, mama yupo, lakini ukoo haupo. Hilo linaniuma na sitalificha.

Pamoja na yote hayo, bado nautetea utaratibu huu kuliko ule niliouacha. Kwanza najua nilipo. Naweza kuhesabu walio mbele yangu, nikajua nani anakaribia kustaafu, nikakadiria mwaka ambao Desemba itanifikia. Hakuna anayeweza kuingizwa mbele yangu kwa sababu ni shemeji wa meneja. Pili, hainilazimu kumweleza bosi shida za nyumba yangu ili anihurumie. Kwetu mtu hufika mahali akamtaja mama yake kuwa ni mgonjwa, na mama ni mzima, ili tu apewe siku tano ambazo sheria ilishampa. Hilo linamdhalilisha mtu mzima. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kanuni ikivunjwa kuna pa kwenda. Mwakilishi wa chama yuko palepale kazini, anaandika malalamiko, menejimenti inalazimika kujibu kwa maandishi, na lisipokwisha linapanda ngazi hadi kwa mwamuzi wa nje.

Ila msiba hauna orodha. Hapo nyumbani kunaishinda Marekani kwa mbali. Makubaliano yetu yanaruhusu hadi siku tatu za kazi akifa mtoto, mwenzi, mzazi, ndugu, shemeji, babu au bibi, tena unazikata kwenye likizo yako, kwenye siku za ugonjwa, au bila malipo. Siku tatu hazikufikishi kaburini Rombo. Baba mdogo aliyenisomesha hayumo hata katika hiyo hesabu. Sheria ya Tanzania nayo haimtaji. Inatoa angalau siku nne zenye malipo kwa mtoto, mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Lakini nyumbani kuna kitu ambacho hakikuandikwa: bosi yuleyule aliyekunyima Desemba, ukimwambia umefiwa na baba mdogo, atakwambia nenda, na wenzako watakuchangia nauli. Watu wa reli wa hapa wanaujua ukavu wa karatasi. Mwaka 2022 walifika ukingoni mwa mgomo wakidai siku za ugonjwa zenye malipo. Bunge likawalazimisha kupokea mkataba, na pendekezo la siku saba lililopitishwa na Baraza la Wawakilishi likakwamia Seneti. Na hao ni watu wenye vyama imara.

Wasio na chama ndio wengi. Kati ya wafanyakazi wa kuajiriwa wa Marekani, wanachama wa vyama ni kama mmoja kati ya kumi tu. Dada zetu wanaolea wazee majumbani, kaka zetu wa maghala, wengi wao wako chini ya bosi kama nilivyokuwa Dar, na hawana hata zile siku 28 za kisheria. Kwa hiyo mtu akikwambia Marekani kuna haki kazini, muulize: sehemu ipi ya Marekani?

Ukongwe pia si lazima uwe kipimo pekee. Ufaransa, sheria ya kazi inataka mpangilio wa likizo uangalie hali ya familia pamoja na miaka ya mtu kazini. Ujerumani, mwajiri anatakiwa kuzingatia matakwa ya mfanyakazi, isipokuwa kazi ikibana sana au wapo wenzake ambao hali zao za kijamii zinawapa kipaumbele. Ningekuwa na sauti kwenye tawi letu ningedai jambo dogo: mzunguko wa kwanza kila mtu achague wiki mbili tu, na aliyepata Desemba mwaka huu asiipate mwakani mpaka wengine walioiomba wameonja. Mkongwe angebaki mbele, ila asiwe na Krismasi zote za maisha yake.

Narudi kwa viongozi wa matawi ya nyumbani. Chombo mnacho. Sheria ya 2004 inakitambua chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mkataba mkiusaini unambana mwajiri. Mikataba ya hali bora niliyowahi kuiona ilijaa nauli za likizo, gharama za mazishi na posho za nyumba, na yote hayo yanahitajika. Sikuwahi kuona kifungu kinachosema wiki ya Krismasi waondoke watu wangapi na wapangwe kwa kanuni gani. Najua vyama vyetu vilipita wapi: mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa, kikawekwa chama kimoja, NUTA, chini ya mbawa za serikali, na kwa miaka mingi kiongozi wa chama alizoea kutazama juu. Lakini kifungu hiki hakimgharimu mwajiri hata shilingi. Siku za likizo ni zilezile, watu wa kubaki kazini ni walewale. Anachopoteza ni uwezo wa kuitumia Desemba kama zawadi kwa anaowapenda.

Kwa hiyo mkikaa mezani safari ijayo, wekeni haya matatu kwa maandishi. Idadi ya nafasi kwa kila wiki, ikokotolewe kwa asilimia ya watu wa idara. Orodha ibandikwe ukutani kabla ya Oktoba, kila mtu aione. Na likizo ikishaandikwa jina isifutwe bila sababu ya maandishi, na ikifutwa, mwajiri arudishe nauli iliyokwishalipwa. Menejimenti ikisita, pendekezeni ijaribiwe katika idara moja kwa Desemba hii tu.